Mkeka wa Dada Etelvina

Baba Padri, mama yetu Rosalina, shemeji Octávio, majirani wa Maubisse nanyi wageni mliopanda mlima kutoka Dili, poleni sana, mimi ni Natalino, kitinda mimba wa nyumba hii, nimeambiwa nisome maisha ya dada yangu, nitasoma, ila mtanivumilia, maana nimechoka, na aliyeniachia uchovu huu amelala hapa mbele yenu.

Marehemu Etelvina Amaral Sarmento alizaliwa tarehe 9 Machi 1973 hapa Maubisse, mtoto wa pili wa marehemu mzee Caetano na mama Rosalina, akitanguliwa na kaka yetu Anselmo, ambaye alimbeba mgongoni kwenda kwenye shamba la kahawa kabla hajajua kutembea. Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari Dili, na mwaka 1993 akaenda chuo kikuu Yogyakarta, Indonesia, akahitimu sosholojia mwaka 1998.

Septemba 1999 nyumba yetu ilichomwa moto na wanamgambo waliopinga uhuru wa Timor Mashariki, kaka Anselmo akiwa mmoja wao, nasema wazi kwa kuwa hakuna asiyejua. Baba alifariki mwaka uliofuata, bado tukiishi chini ya turubai. Anselmo alikimbilia ng'ambo ya mpaka, akarudi mwaka 2003, akajenga upande wa pili wa bonde, na yeye na dada hawakusemeshana tena.

Dada alianza utafiti wa amani mwaka 2000, akizunguka vijijini kuandika jinsi tunavyosuluhishana, mkeka unatandikwa, tambuu na popoo zinawekwa katikati, waliogombana wanakaa, na hanyanyuki mtu mpaka maneno yaishe. Kazi hiyo ikamfanya aitwe kuwa mshauri wa upatanisho kwenye mapigano ya Aceh, Mindanao, kusini mwa Thailand, hata Bougainville, miaka ishirini ya viwanja vya ndege na kumbi za hoteli, akiandika ripoti ambazo nyingi ziliishia kabatini, na watu aliowapatanisha Januari, ikifika Juni wameshikana mashati tena. Akirudi alikuwa anakaa jikoni na kahawa yake, mama akimtania kwamba yeye analipwa kwa kukaa kitako ilhali wenzake wanakaa bure, naye anacheka kidogo tu, kwa adabu.

Tarehe 22 Mei 2004 alifunga ndoa na mwalimu Octávio Pires katika kanisa letu, wakajaliwa Zélia na Ivo. Anselmo hakualikwa, alisimama barabarani mpaka misa ikaisha, akaenda zake.

Hapa ndipo tulipokosea, kijiji kizima. Mwenye ugomvi hajitandikii mkeka, hutandikiwa, hiyo ndiyo mila yetu, na mama aliwaomba wazee mara nyingi, lakini kila mmoja aliona haya, nani amtandikie mkeka bingwa wa mikeka, anayefundisha mpaka wageni? Wakasema mwenyewe atajua la kufanya. Jamani, tuliita heshima, kumbe dada alikuwa anangoja.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini, akatibiwa Dili, akawa anapungua tu. Wiki yake ya mwisho, nikimlisha uji huko hospitalini Dili, nilimuuliza kama kuna kitu anakitaka, akanitazama, akasema, "Natalino, nimewatandikia watu mpaka mgongo umekufa. Hata mmoja wenu hawezi kunitandikia na mimi?"

Nilipanda huku Maubisse kumfuata kaka, naye hakubisha, alivaa viatu tukateremka, lakini barabara ilikuwa imeporomoka kwa mvua, na dada alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, kabla hatujafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake mliotuma salamu kutoka nchi ambazo sisi tunazisikia redioni tu.

Mkeka huu ulio chini ya jeneza nimeutandika mimi leo asubuhi, tambuu imeshawekwa, mama ameshakaa. Kaka Anselmo, wewe uliyesimama hapo barabarani kama siku ya harusi yake, ingia ukae na dada yako. Jeneza halinyanyuliwi mpaka uwe umekaa.

Dada, umetandikiwa. Pumzika sasa, kwa amani.