Lutgart Desmyter na Hommel Waliogoma

Dkt. Lutgart Desmyter alizaliwa Poperinge tarehe 14 Machi 1958, binti wa Mzee Camiel na Mama Irma, wakulima wa hommel. Kwetu Poperinge, hommel ni mmea unaopanda kwenye nyaya, na maua yake ndiyo yanayoipa bia uchungu. Kwa Waflandria wengine wote wa Ubelgiji, hommel ni nyuki mnene mwenye manyoya. Wageni wetu wa leo wavumilie: kutoelewana huko ndiko kulikompa marehemu kazi na mume.

Alisoma kwa masista hapa hapa, nao walimwombea sana. Mwaka 1980 alihitimu biolojia mjini Ghent, akafundisha sekondari. Mwaka 1988 kaka yake, Roeland, alimpigia simu kumwambia kwamba maabara moja ya Ghent inatafuta mtu wa kuchunguza afya ya hommel. Mzee Camiel akaitangazia baa nzima kwamba binti yake anakwenda kuiokoa bia ya taifa. Lutgart akaingia kwenye usaili na mfuko wa maua ya kwao. Profesa aliyanusa kwa adabu, kisha akamkabidhi sanduku linalovuma. Kwa aibu ya kurudi nyumbani, alibaki kwenye kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2018, akiwa ameshapata na udaktari humo humo.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima dawa zilizo hai, yaani kuvu na bakteria wanaopuliziwa mimea ili wawaue wadudu waharibifu. Swali lilikuwa moja: je, zinawadhuru hommel wanaochavusha nyanya? Mwezi Machi 1992 aliwaambia wakulima wa Sint-Katelijne-Waver kwamba kuvu mmoja anayeua inzi weupe ni salama. Wakapulizia. Haukupita muda, mkulima mmoja, Wilfried Buelens, akabisha hodi maabara akiwa na sanduku kwapani.

“Hommel wako wamegoma, Daktari,” alisema. “Na hawana hata chama cha wafanyakazi.”

Lutgart alimjibu kwamba pale maabara hommel wake walikula, wakanenepa, na hakuna aliyekufa. Wilfried akaacha sanduku mezani, akaenda zake.

Wiki hiyo mafua makali yalimlaza Lutgart. Mama Irma alikuja kumuuguza, akawa anamletea supu kitandani, na kila aliyepita alimwona ana nafuu. Siku aliyojaribu kwenda dukani, alikaa kwenye ngazi akashindwa kuinuka. Hapo hapo kwenye ngazi, mkoba mkononi, akacheka mpaka jirani akatoka. Kule maabara, maji ya sukari ya hommel yalikuwa kando ya kiota. Hommel wake walikuwa wagonjwa wa kuletewa supu.

Akahamishia chakula chumba cha pili, akaunganisha vyumba kwa bomba refu, akarudia jaribio. Waliolazimika kusafiri walichoka, wakaacha kulisha watoto, kiota kikadhoofu. Mkubwa wake alimshauri anyamaze kwanza: mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, na maabara isingependa kuonekana inageuza kauli yake. Lakini huko kwenye vitalu vya vioo maua ya nyanya yalikuwa yanapukutika bila kuchavushwa, na wakulima walikuwa bado wanapulizia kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia wapulizie.

Akaenda ukumbi wa parokia, akasimama mbele yao.

“Nilisema ni salama. Ni salama kwa hommel asiyefanya kazi. Wenu wanafanya kazi.”

Sauti ikatoka nyuma: “Basi mpelekeni wizarani Brussels huyo kuvu. Kule hatamdhuru mtu.”

Ukumbi ukaangua kicheko, na hasira ikapata pa kutokea. Usiku ule walikubaliana naye: kuvu yule asitumiwe tena palipo na hommel, na dawa nyingine yoyote ingoje wote warudi sandukuni jioni, mlango ufungwe, majani yakauke kwanza. Juni mkataba haukusainiwa. Ulisainiwa Oktoba, baada ya wakulima kumpigia simu yule mkubwa mpaka akabadilisha namba.

Wilfried alileta posa mwaka uliofuata. Mzee Camiel akasema nyumba hii haipimi mchumba aliyekaa, akamtia shambani mavuno yote ya Septemba. Walifunga ndoa tarehe 7 Mei 1994, wakajaliwa Hanne na Joris.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Agosti 2023. Aliposomewa dawa, alimuuliza daktari kama zilijaribiwa kwa watu waliolala au kwa wanaopanda ngazi. Daktari akaomba muda. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Wilfried, akimwelekeza namna ya kuukamata.

Ameacha mume, watoto wawili, kaka yake Roeland, sisi wapwa, na mkwe mmoja ambaye bado yuko kwenye majaribio. Baada ya mazishi, karibuni kahawa na mikate ya nyama ukumbini. Bia ipo, chungu kama inavyotakiwa.

Leo Wilfried hakupulizia kitu. Milango ya visanduku ameiacha wazi, na hommel wako kazini tangu jua lilipopiga vioo. Mwenzao amemaliza zamu. Tumwache apumzike, na amani iwe yake.