Namba ya Mama Ambayo Thuku Hakuipiga

Wasikilizaji wapendwa, saa hii huwa ni zamu ya Peterson Thuku na ushauri wake wa simu na kompyuta. Leo hayupo. Thuku alifariki Jumanne, chumbani kwake Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na minne. Alikuwa peke yake.

Alitoka Nyahururu miaka kumi na minane iliyopita, akafungua kibanda cha fundi simu: meza moja, kompyuta moja kuukuu. Haikumchukua muda kujua simu za pwani zinaumwa nini. Mama akileta simu isiyoshika chaji, swali la kwanza lilikuwa, "Unaifunga kwenye pindo la leso?" Mama akicheka, jibu limepatikana. "Jasho lina chumvi, mama. Itie mkobani." Na nyinyi mnaozika simu zilizolowa ndani ya mchele, aliwagombeza papa hapa redioni. "Mchele ni wa pilau! Izime, toa laini, iweke penye upepo. Na usiichaji mpaka ikauke!"

Watu walimpenda. Lakini kila mtu alichukua simu yake akaenda zake. Idi alialikwa, Krismasi alialikwa. Alikaa kidogo, akashukuru, akaaga. Chumbani hapakuwa na wa kumuuliza umeshindaje. Inauma kulisema, lakini hata sisi tuliofanya naye kazi hatukuwahi kumuuliza.

Aliyemjua ni jirani yake wa kibandani, Bi Raihana wa mahamri, mwenyeji wa Lamu. Thuku alikuwa na mama. Alikosana na baba yake, baba akafa kabla hawajapatana, na Thuku hakwenda mazikoni. Aibu ikamkaa. Tangu hapo hakumpigia mama yake. Miaka tisa, wasikilizaji. Namba alikuwa nayo. Kila Jumapili alasiri aliifungua, akaitazama hadi kioo kikajizima.

"Nalimwambia, mwanangu, piga," anasema Bi Raihana. "Akanambia, 'Nikipiga nitasema nini?' Nikamwambia sema shikamoo, yaliyobaki atayasema mamako. Akacheka. 'Kwetu hatuna shikamoo, Bi Raihana.' Basi sema hilo la kwenu! Akanambia Jumapili ijayo."

Jumatano kibanda hakikufunguliwa. Bi Raihana aliacha karai lake motoni, akaenda kubisha. Baadaye majirani walivunja mlango.

Kitambulisho chake ndicho kilichotufikisha kwa jamaa zake. Alhamisi dada yake, Abigael, akafika. Alitueleza kwa upole, na ingekuwa nafuu kama angetukaripia. "Mama ako na simu ndogo ya vibonyezo," alisema. "Hajawahi kuizima. Chaji ikiisha anaipeleka kwa jirani mwenye stima, anakaa hapo hapo mpaka ijae. Anasema, Thuku akipiga na nimeiacha huku?"

Jana Abigael alikuja studio. Aliomba jambo moja tu, sauti ya kaka yake. Tukamwekea kipindi chake cha mwisho. Mzee mmoja wa Ganda alikuwa amepiga, anaiogopa simu ya kioo aliyonunuliwa na wanawe. Thuku akamjibu, "Bonyeza tu, mzee. Ukikosea, rudi nyuma, uanze tena. Simu haina kinyongo."

Abigael akavua vipokea sauti, akaviweka mezani.

"Hata mama hakuwa nacho," akasema.

Mama, na wewe Abigael, na jamaa wote wa Nyahururu, poleni sana. Bi Raihana, pole. Thuku anasafirishwa kesho. Atazikwa kando ya baba yake. Mungu amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Yuko mtu ambaye umekuwa ukimwahirisha Jumapili hadi Jumapili. Sasa tutanyamaza kwa dakika kumi. Hatutaweka wimbo wala tangazo. Punguza redio, umpigie.