Takwimu kwa Mara ya Pili

Lorene alijifanya anasoma risiti ya dukani, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Msichana mwenye sare ya kioski cha taco za Kimeksiko alikuwa anammwagia malalamiko yake mama mmoja wa miwani, ambaye walikuwa wamekutana humo humo kwenye basi la mji wa Fresno, California.

"Miaka mitatu nimesota chuo cha miaka miwili. Sasa nimehamia chuo kikuu, wananiambia kozi ya takwimu niliyosoma kule haihesabiki. Nirudie. Na nilipata A, mama."

"Mlitumia kitabu gani?"

"Cha kijani, kina samaki kwenye jalada. Darasa la jioni."

"La asubuhi palepale nafundisha mimi," mama alisema polepole. "Mchana nafundisha chuo kikuu. Kitabu hichohicho, mtihani uleule. Hata namba sibadilishi."

Lorene akasahau kabisa kujifanya anasoma.

"Sasa si uwaambie?"

"Mwaka wa sita huu nawaambia. Mimi kibarua wa muhula, mwanangu. Ofisi yangu ndiyo hiki kiti. Nani atanisikiliza?"

Msichana akatoa ratiba yake kwa hasira, nusura aichane. "Takwimu, leo saa nane mchana. Penye jina la mwalimu wameandika 'mfanyakazi' tu. Hata jina hana, na huyo ndiye atakayenifundisha upya."

Basi likasimama kwenye geti la chuo kikuu. Mama akakusanya karatasi za mitihani alizokuwa akisahihisha mapajani, akasimama.

"Twende," alisema. "Tutachelewa."