Kinanda cha Habakuki na Sauti Yake Moja

Benchi letu la kahawa liko Kabuku, ubavuni mwa kibanda cha Zaidi, anayeuza kahawa na kuchaji simu za watu. Jumamosi ile Habakuki, mwalimu wa kwaya yetu, alishuka kwenye basi la Korogwe amekumbatia kinanda kikuukuu cha Japani, chenye mbao ubavuni na vinobu vingi kama redio ya babu. Tulimtuma akanunue kipya, alipoona bei za vipya akarudi na hiki. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na Mama Agripina, mwenyekiti wa kwaya, alishasema: mwalimu akileta mzaha tena, ualimu anapewa mwingine. Zaidi akakiunga kwenye spika ya kibanda. Habakuki akabonyeza vibonye vitatu kwa pamoja, kama anavyofanya siku zote kanisani. Ikatoka sauti moja.

— Jamani, mmesikia ngapi? akauliza Habakuki.

— Moja, akasema Zaidi. Nzito, tamu, kama fahali aliyeshiba. Lakini moja.

Ernesti akasogea. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio. Kuifunga ndiyo bado.

— Mambo madogo haya. Kitu cha zamani, njia zake nyembamba. Sauti zinapita kwa foleni, kama malori mizani. Subirini, hizo mbili zinakuja.

Tukasubiri. Likapita lori kweli. Sauti hazikuja.

— Foleni gani hiyo? akasema Yordani, muuza machungwa. Huyu tunamwita Mahakama, kwa kuwa hakuna kesi asiyoihukumu. — Huyo Mjapani aliyekimiliki alikuwa mseja. Kinanda kimeishi na mtu mmoja miaka yote. Leo unakiletea kwaya nzima, kisishtuke?

— Kwa hiyo kina aibu? akauliza Habakuki.

— Aibu tupu! Hebu tugeukeni.

Tukageuka wote, watu wazima, vikombe mkononi, tukaitazama barabara. Abiria wa basi wakatushangaa. Habakuki akabonyeza. Moja.

— Basi mbili zimebaki Korogwe, akahukumu Mahakama. Yule muuzaji kazichomoa, atauza spea. Ninyi Wazigua mkisikia rahisi mnakimbia bila viatu!

— Nyamaza, Msambaa wewe, akasema Injinia. Ungeenda wewe, mpaka leo ungekuwa unaomba upunguziwe!

Tulicheka, ila Habakuki hakucheka.

— Nilikipenda, akasema polepole. Nilikigusa tu pale mnadani, nywele zikanisimama. Sasa Mama Agripina nitamwambia nini?

Nikashauri tukiombee. Zaidi akazima redio, akainua mikono yake naye. Nikaomba, na Mungu anisamehe, jicho moja nililiacha wazi kulinda kahawa yangu, maana Mahakama namjua. Tukasema amina. Habakuki akabonyeza tena, akang'ang'ania. Moja, ikavuma mpaka ng'ambo ya barabara.

Hapo akafika Kisemei, mfugaji, amekuja kuchukua simu yake. Akaegemea fimbo, akasikiliza.

— Hamjambo wazee. Huyu anaimba vizuri.

— Kibovu hiki, ndugu yangu, akasema Habakuki. Kinatoa sauti moja tu.

— Si ndiyo? Kwetu mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Huyu kaanzisha tangu niko kule kwenye kona. Mbona hamuitikii?

Injinia akaangalia spika. Mahakama akaangalia machungwa yake. Mimi mwanakwaya wa miaka yote nikaangalia chini.

Kisemei akaiegemeza fimbo yake kwenye benchi. Akaanza kuvuma kifuani, chini kabisa, mabega yanacheza. Habakuki akaacha kubonyeza vitatu. Akabonyeza kimoja kimoja, besi ya wimbo wetu wa mavuno, na kile kinanda kikatembea kama mwenye shamba. Nikaingia na sauti yangu ya teno, mbovu lakini ya moyoni. Injinia akaingia. Hata Mahakama akaingia, bila hukumu. Zaidi akagonga birika kwa kijiko.

Mara nikamwona Mama Agripina ng'ambo, boga la sadaka kichwani, amesimama. Akavuka barabara. Tukanyamaza mmoja mmoja, Habakuki wa mwisho.

— Shikamoo mama, akasema Habakuki.

Mama Agripina akatua boga lake juu ya benchi, akaliweka vizuri lisiviringike.

— Marahaba. Hebu rudia ule mwanzo, mwalimu. Nimechelewa kuingia.