Mkate wa Kuku wa Shemeji

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililotupwa na zahanati, pamoja na kreti mbili za soda zilizopinduliwa, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Kahawa naichemsha mwenyewe, na asiyeipenda ajue bomba la maji liko kule. Wanaokaa hapa ni walewale kila siku. Kuna Breki, aliyekuwa dereva wa lori la kiwanda cha mablanketi, mtu ambaye hajawahi kukubali kosa, iwe barabarani au katika mazungumzo. Kuna Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye zamani alikuwa akinyoa wafanyakazi chini ya ukuta wa kiwanda hichohicho. Na kuna Spana, aliyekuwa fundi mitambo, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa idara ya kukunja mablanketi kabla ya kuhamia kwenye soli na gundi. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, tukabaki kuzeeka jirani na lango lisilofunguliwa. Jana Spana alikuja amebeba mfuko wa karatasi kutoka kwenye ule mgahawa wa kuku wenye matawi kila mji, ule uliotundika bango la sandwichi mpya kubwa kuliko nyumba yangu. Akauweka katikati ya benchi kwa mikono miwili.

Breki: Umeshinda bahati nasibu?

Spana: Ni zile sandwichi mpya za kuku. Nimenunua aina zote tatu.

Wembe: Aina tatu? Kuku si ni kuku tu?

Spana: Moja ya kawaida, moja ya pilipili, moja wametia asali.

Breki: Kuku kwa asali! Basi kesho watatuletea chai ya samaki.

Wembe: Na ulinunuaje wewe? Nasikia pale huongei na mtu, unaongea na kioo.

Spana: Unakibonyeza. Nikabonyeza kuku, kikaniuliza nataka mkubwa? Nikakubali. Kikaniuliza nataka na viazi? Nikakataa. Kikaniuliza, una uhakika?

Wembe: Hicho ni kioo au mama mkwe?

Tulicheka mpaka mteja wa Wembe, aliyeachwa kwenye kiti na nusu kichwa, akachungulia mlangoni kujua kuna nini. Spana hakucheka. Kahawa niliyommiminia ilikuwa inapoa, na mtu huyu huwa hainywi hadi chini tu, huwa anakung'uta na kikombe.

Mimi: Spana, sema. Wewe hununui hata karanga, leo umetuletea karamu?

Spana: Sijaleta mshibe. Nimeleta mnisaidie kukumbuka.

Breki: Kukumbuka nini?

Spana: Binti yangu amepata kibanda karibu na chuo cha ufundi. Jumamosi anafungua. Anataka kuuza mkate wa kuku wa mama yake.

Hapo utani ulikatika. Mke wa Spana sote tulikuwa tukimwita shemeji, hata wale ambao hawakujua mume wake ni nani. Alikuwa akikaa langoni mwa kiwanda na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe, na king'ora cha mchana kikilia tulitoka mbio kama tunaokimbia moto. Mkate wake ulikuwa mdogo, umepasuliwa katikati, ndani kuku aliyechambuliwa mifupa yote, juu karatasi na uzi. Nimekula sehemu nyingi tangu wakati ule na sijakutana na kuku wa namna ile tena. Kiwanda kilipofungwa akaacha kuutengeneza, na mwaka jana akatuacha na yeye mwenyewe. Nakiri kwamba nikisikia king'ora chochote, hata cha gari la wagonjwa, mate hunijaa mdomoni, halafu naona huzuni.

Wembe: Sasa shida iko wapi? Mwambie binti alichokuwa anatia mama yake.

Spana: Ndiyo shida yenyewe. Kaniuliza, baba, mama alitia nini, wewe si ulikula kila siku? Nikafungua mdomo. Sikuwa na kitu.

Wembe: Hukuwahi kumwona akipika?

Spana: Alipika alfajiri, mimi nimelala. Nikiamka, beseni limeshafunikwa.

Breki: Na binti hakuona?

Spana: Alikuwa mdogo, analala kuliko mimi.

Mimi: Na hizi sandwichi zitasaidia nini?

Spana: Mashine ikiharibika, nilikuwa naenda kwanza kusikiliza ile nzima. Nikirudi kwenye mbovu, sikio lenyewe linaniambia kinachokosekana. Tuonje hizi. Ulimi utasema, hapa pamezidi hiki, pale pamepungua kile.

Sikuwa na la kubisha. Nikachukua kisu cha ngozi, nikaukata mkate wa kwanza.

Wembe: Kisu cha viatu hicho!

Mimi: Ni kipya, na nimekiosha. Wewe taulo lako hilo lina nywele za mji mzima, nani amekusema?

Tukala. Tulikula kimya, kwa heshima, kila mtu amekunja uso kama anayesikiliza habari ya msiba redioni. Mkate ulikuwa laini kama mto, kuku amevaa ganda lililolia mdomoni. Sitasema uongo, ulikuwa mtamu. Lakini ulikuwa utamu wa kukutana na mtu mzuri usiyemjua.

Breki: Nimepata! Pilipili hii ni ya kitoto. Ya shemeji ilikuwa inakutoa machozi hadi unamkumbuka kila aliyekudhulumu.

Wembe: Pilipili gani? Shemeji hakutia pilipili hata siku moja. Mimi tumbo langu bovu tangu ujana, ningeula? Alitia ndimu.

Breki: Ndimu! We ulikuwa unakula wapi?

Wembe: Langoni, nyuma yako, unanikanyaga.

Mimi: Nyote mmekosa. Kulikuwa na vitunguu. Vingi, vimekaangwa mpaka vimekuwa vyeusi.

Breki na Wembe, kwa pamoja: Vitunguu?

Spana: Mimi nakumbuka kuku na chumvi. Basi. Na mkate umechomwa upande mmoja.

Tulitazamana. Kila mmoja aliwaona wenzake watatu wamechanganyikiwa.

Breki: Sikilizeni. Siri ilikuwa moshi. Bomba la boila lilikuwa linapumulia palepale langoni. Moshi ule ndio uliokuwa unakolea kwenye beseni.

Wembe: Moshi si kitu. Kuku wenyewe! Walikuwa wanafugwa nyuma ya ghala, wanadonoa sufu iliyomwagika. Kuku aliyekula sufu, nyama yake inakuwaje? Laini kama blanketi.

Breki: Kweli! Na hawa wa mgahawa wanajua. Mnamkumbuka yule bwana wa tai aliyekuja siku moja akala mikate minne? Mkate wa nne akafumba macho. Mtu wa kawaida hafumbi macho kwenye mkate wa nne. Yule alitumwa.

Wembe: Alitumwa aibe upishi.

Breki: Akaiba, akashindwa kupata moshi. Ndiyo maana wamekimbilia asali.

Wembe: Na kiwanda kikafungwa muda mfupi baadaye. Unafikiri bahati mbaya? Walikifunga wao!

Mimi: Kiwanda kizima kifungwe kwa ajili ya mkate?

Wembe: Wewe uliula ule mkate. Usingefunga kiwanda?

Nilifikiri kidogo. Ningefunga viwili.

Spana aliweka chini kipande chake.

Spana: Jamani, mimi namsahau.

Breki aliacha kutafuna.

Spana: Sura ninayo, iko kwenye picha ukutani. Sauti inaniponyoka. Nilijiambia angalau chakula chake nakijua. Sasa nakuja hapa naambiwa pilipili, ndimu, vitunguu, moshi. Binti akifungua Jumamosi na chakula cha kubahatisha, huyo siye mama yake. Na mimi nitakuwa nimelishwa miaka yote ile kama gunia.

Breki ni mtu wa kelele, lakini hana roho mbaya. Akamsogelea, akamwekea mkono begani. Akawa anachezea kipande cha uzi kilichokuwa kinaning'inia kwenye mkono wa sweta la Spana.

Breki: Mimi uzi wangu ulikuwa mwekundu.

Wembe: Uzi gani tena?

Breki: Wa kufungia karatasi ya mkate. Shemeji alikuwa anaokota mabaki ya nyuzi za kiwanda. Kila siku alinipa wa uzi mwekundu. Nilijua ni kwa sababu ya rangi ya lori langu.

Wembe: Wangu ulikuwa wa njano.

Mimi: Kijani. Siku moja nilichukua wa njano, akanipiga kofi mkononi. Akasema, huo una mwenyewe.

Wembe alisimama. Taulo likaanguka, hakuliokota.

Wembe: Huo una mwenyewe! Na mimi aliniambia hivyo hivyo! Nyekundu pilipili, njano ndimu...

Mimi: Kijani vitunguu. Nilimwambia wiki ya kwanza kabisa kwamba napenda vitunguu. Sikurudia tena.

Breki: Kwa hiyo hatukukosea?

Mimi: Hatukukosea. Kila mtu alipikiwa wake.

Spana: Wangu ulikuwa wa bluu. Mimi sipendi makorombwezo. Tulipooana nilimwambia, mke wangu, kuku na chumvi yatosha.

Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Watu wote wale waliotoka langoni wakikimbia, na mama yule alikuwa na kila mmoja wao kichwani! Breki alimkumbatia mpaka kofia ikamvuka. Wembe akatangaza kwamba mgahawa wenye aina tatu umekwisha habari yake, kwa kuwa binti yetu atafungua na nne. Nikawamiminia kahawa bila kuombwa, jambo ambalo silifanyi hata siku za sikukuu.

Binti mwenyewe alitukuta katika hali hiyo. Alikuwa ametoka kupaka rangi kibanda chake, mikono ina madoa meupe hadi kwenye viwiko.

Binti: Shikamooni wazee. Mbona kuna sherehe?

Breki: Marahaba mwanangu, kaa hapa! Tumekipata chakula cha mama yako!

Tulimsimulia kwa fujo, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Alisikiliza ameziba mdomo kwa kiganja. Tulipofika kwenye nyuzi, macho yalimlowa. Akazirudia rangi polepole, akimwonyesha kila mtu kwa kidole: nyekundu baba mkubwa, njano mjomba, kijani fundi, bluu baba.

Binti: Nitaweka zote nne. Na mama je? Wake ulikuwa na uzi gani?

Breki alihesabu rangi kwa vidole: nyekundu, njano, kijani, bluu. Kidole cha tano kikabaki juu.

Wembe: Nadhani... mweupe?

Binti: Ulimwona akiula?

Wembe: Hapana. Nasema tu.

Akanigeukia mimi. Nilimwona shemeji vizuri kabisa akilini, kitambaa cheupe, mkono ukitoka na kurudi beseni, akimwita kila mtu kwa kazi yake. Nilijaribu kumpa mkate mkononi, awe anatafuna. Sikuweza.

Binti: Baba?

Spana: Beseni lilikuwa linarudi tupu, mwanangu. Nikimuuliza wake uko wapi, alikuwa ananiambia yeye ameshakula.

Binti: Amekula nini?

Birika lilikuwa bado zito. Hakuna aliyenyoosha kikombe.