Kikopti cha Muallim Bishai na Masikio ya Mama Estir

Abuna, kasisi wetu, ndugu na majirani wa Nagi Bakhum, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Muallim Bishai Wanis, na mjane wake, Mama Estir, ameipitia karatasi hii mara mbili kwa jicho la mashaka, kama anavyopitia kila kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1941 hapa hapa karibu na Nakada, akasomea nyimbo za kanisa kwa baba yake, aliyemfundisha yeye na dada yake Fibronia Kikopti, lugha yetu ya kale ya Misri, kile cha kuzungumza nyumbani, si cha kuimba tu, kisha akawa mfumaji wa shuka na kiongozi wa nyimbo kanisani.

Tarehe 20 Novemba 1966 alimwoa Mama Estir, wakajaliwa mabinti wawili, Tekla na Yustina, ila tangu mwanzo, kila mara bibi harusi alipoingia na chai, kaka na dada waliacha Kiarabu wakahamia Kikopti, wakacheka, naye akiuliza kulikoni, Fibronia alijibu, "Tunasali tu, wifi." Mama Estir hakuamini, maana hajawahi kuona sala inayomfanya mtu ashike mbavu, akawa anachambua dengu nyuma ya mtambo wa kufumia, masikio wazi.

Marehemu aliugua kifua mwaka 2018, na tarehe 3 Januari 2019, ulimi ukiwa mzito, akawa anarudia neno moja, "mu, mu", na mpwa wake Shemasi Abanub, aliyesomea Kairo, akatueleza kwamba mu ni kifo, mjomba anaaga, mishumaa ikawashwa, watu wakaanza kulia. Mama Estir aliitazama midomo ile iliyopasuka, akasema, "Kifo gani? Huyu anataka maji! Lini mume wangu akayaita maji mou kama nyie wa Kairo? Humu nyumbani maji ni mu!" akamnywesha.

Marehemu alikunywa yote, akamtazama mkewe kwa wasiwasi mkubwa, akauliza kwa Kiarabu, "Kumbe ulikuwa unatusikia?"

"Tangu mwaka wa pili wa ndoa. Kila neno."

Marehemu akabaki akimtazama vivyo hivyo, mkono wake mkononi mwa mkewe, mpaka alipofariki tarehe 6 Januari, mkesha wa Krismasi yetu, na Mama Estir amelia sana, msidanganyike na uso wake.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, wafumaji wenzake, na Bibi Fibronia, ambaye tangu siku ile ya maji anakaa kiti cha nyuma kabisa.

Lala salama, Muallim, usihofu, mkeo anasema wewe amekusamehe. Bibi Fibronia anaombwa abaki kidogo baada ya maziko.