Wasifu wa Mama Vichujio, Aliyeunda Helmeti ya Hewa Safi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Vichujio, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Baba yetu marehemu alikuwa dereva wa lori, na mama yetu marehemu alikuwa mpishi wa shule. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa pekee.

Mwaka 1974 alianza shule ya msingi iliyokuwa mkabala na ghala la saruji. Alikuwa akirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama bibi kizee. Siku moja alikata pazia la mama akashona kitambaa cha kuziba pua. Mama alimfokea weee, kisha akamwambia amkatie na mdogo wake. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1988, msichana pekee katika darasa la umeme.

Kuanzia 1989 hadi alipostaafu mwaka 2022, alikuwa fundi wa mashine za hospitali, hasa zile za kumsaidia mgonjwa kupumua, na vichujio vyake vya hewa ndivyo vilivyompa jina. Mashine ikigoma, wauguzi walisema, "Mwiteni Mama Vichujio, akiiangalia tu itaona aibu."

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani. Walijaliwa mabinti wawili.

Alipostaafu aligeuza chumba cha wageni kuwa karakana. Mimi nasafirisha mizigo kwa pikipiki, na kikohozi changu kilimkera. "Unavuta moshi wa malori kama vile umelipia," aliniambia. Akaamua kuniundia helmeti yenye feni ndogo na kichujio cha hewa kidevuni, na kioo ambacho mwendo na mshale wa njia vingeelea mbele ya macho, nisiinamie simu. Alichukua umbo la kichwa changu kwa plasta ya kufungia mifupa iliyovunjika. Ikagandia nywele, ikabidi ninyolewe upara, na shemeji alicheka hadi akajidunga sindano. Yeye ndiye aliyeshona bitana ya ndani ya helmeti.

Mei 2024 niliijaribu mara moja. Kioo kilijaa ukungu, mshale ukanielekeza kwenye ukuta wa duka la mikate. Niliivua mbele yake na ya wenzangu kijiweni nikasema, "Dada, hii ni sufuria yenye feni." Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, akaipakata, akarudi nayo nyumbani kwa miguu. Katika yote niliyowahi kusema, neno hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Hakuiacha. Aliirekebisha kwa zaidi ya mwaka mzima, na kila aliponipigia simu aliuliza lilelile: "Utakuja lini uivae, uniambie kama imekukaa?" Nami nikamjibu, "Wiki ijayo, dada." Ilichongwa kwa kichwa changu, hakuna mwingine ambaye ingemwenea. Kusema kweli niliona aibu, na aibu hiyo nikaiita kazi nyingi.

Agosti 2025 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Alilazwa tarehe 3 Novemba. Nilikwenda kumwona mara nne, na helmeti hakuitaja tena. Aliulizia kikohozi tu. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Novemba, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa barabarani na mzigo wa mtu.

Juzi shemeji alinikabidhi helmeti. Niliivaa nikaenda hadi hospitali na kurudi. Hewa ilikuwa safi, ukungu haukuwepo, na mshale haukukosea hata kona moja. Lakini maandishi ya kwenye kioo yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo, nikayasoma yote bila kukunja uso. Nilimuuliza shemeji kwa nini.

"Alisema macho yako yamepungua nguvu na unaficha," alinijibu. "Akasema, tusimwaibishe, tumkuzie tu herufi."

Ni kweli, macho yangu yamepungua. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja mwenye kichwa kigumu.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Imenikaa.